Maswali ya Wasomaji: Hewa Inavyochelewesha Mawimbi ya Setilaiti

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinatoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini zote zinagusa jambo moja: mawimbi ya redio yanayotoka kwenye setilaiti za GPS na ndugu zake hucheleweshwa na hewa kabla ya kutufikia. Wapo wanaosumbuliwa na ucheleweshaji huo na wapo wanaotaka kuutumia. Tumezifupisha barua bila kubadili maana yake.

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa upimaji ardhi mwaka wa pili, Dar es Salaam. Tulifundishwa kwamba hewa huchelewesha mawimbi ya GPS na kwamba kuchelewa huko ni kosa linalopaswa kuondolewa. Baadaye mhadhiri wetu akasema kuwa wataalamu wa hali ya hewa wanalitafuta kosa hilohilo ili wajue kuna mvuke kiasi gani angani. Inawezekanaje kosa kugeuka kipimo? Na mashine inajuaje kwamba kilichoongezeka ni kuchelewa na si umbali?

Jibu. Ndugu mwanafunzi, tuanze na swali lako la mwisho, kwa kuwa likieleweka hilo mengine yote yatafuata.

Setilaiti za GPS huizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Kipokezi hulinganisha saa hiyo na ya kwake, hupata muda ambao mawimbi yametumia njiani, muda ambao haufiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha huuzidisha kwa kasi ya mwanga, yaani mita 299,792,458 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ya ombwe. Ndani ya hewa ya usawa wa bahari mawimbi hupungua kasi kwa takriban sehemu tatu katika elfu kumi, kwa sababu ileile inayofanya upondo uonekane umevunjika pale unapoingia majini. Punguzo hilo ni dogo na huzidi kuwa dogo kadiri tunavyopanda juu, lakini ukijumlisha hewa yote iliyo juu ya mtu aliyesimama ufukweni, setilaiti ikiwa utosini mwake, unapata kuchelewa kwa nanosekunde nane hivi. Nanosekunde moja ni sawa na sentimita 30 za safari ya mwanga. Hivyo kipokezi hudhani kuwa setilaiti iko mbali zaidi kwa mita 2.4 kuliko ilivyo.

Sasa, mashine inautofautishaje ucheleweshaji huu na umbali? Huutofautisha kwa jinsi unavyobadilika setilaiti inapopanda na kushuka. Saa ya kipokezi ikikosea, inakosea kwa kiasi kilekile kwa setilaiti zote. Kimo cha antena kikikosewa, kosa huonekana zaidi kwa setilaiti iliyo utosini na hupungua kadiri setilaiti inavyoinama, hata likaribie kutoweka kwenye upeo wa macho. Hewa hufanya kinyume chake: setilaiti iliyo chini, nyuzi 30 juu ya upeo, mawimbi yake hukata hewa kwa mshazari na ucheleweshaji huwa maradufu ya ule wa utosini, ikishuka hadi nyuzi 10 hufikia mita 14 hivi. Makosa matatu, tabia tatu. Kipokezi kinachofuatilia setilaiti kumi au zaidi kwa saa kadhaa, nyingine zikichomoza na nyingine zikitua, hukusanya milinganyo ya kutosha kuyatenganisha, mradi njia na saa za setilaiti zenyewe zijulikane kwa usahihi wa sentimita chache. Taarifa hizo hutolewa bure na Huduma ya Kimataifa ya GNSS (jina la pamoja la GPS na mifumo mingine ya setilaiti ya aina yake), inayojulikana kwa ufupisho IGS, ambayo ilianza kazi rasmi mwaka 1994. Utaona pia kwa nini ni vigumu kutenganisha kimo na hewa iwapo umezuia setilaiti zote zilizo chini ya nyuzi 20 au umepima kwa dakika tano tu: tabia zile hazijapata nafasi ya kuachana.

Kuna hatua moja niliyoiruka. Kabla ya kuifikia hewa hii tunayoivuta, mawimbi hupita kwenye ionosfia, tabaka la juu ambamo mionzi ya Jua imezing'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Nako yanacheleweshwa, tena wakati mwingine kuliko huku chini, lakini ionosfia ina tabia moja inayotusaidia: ucheleweshaji wake hutegemea masafa ya mawimbi. Setilaiti za GPS hurusha mawimbi kwa masafa ya megahezi 1575.42 na megahezi 1227.60, na kiasi kilekile cha elektroni kinachochelewesha ya kwanza kwa sentimita 16 huchelewesha ya pili kwa sentimita 27. Ukiwa na vipimo viwili unaweza kukokotoa athari ya ionosfia na kuiondoa karibu yote. Hewa ya chini haibagui masafa haya, kwa hiyo hubaki nzima katika hesabu, nasi ndiyo tunayoitafuta.

Hewa hiyo ya chini hugawanyika mara mbili. Sehemu kubwa ni uzito wa hewa yenyewe, nayo hufuata mgandamizo unaosomwa kwenye barometa: kila hektopaskali moja huleta ucheleweshaji wa takriban milimita 2.3. Usawa wa bahari, penye hektopaskali 1010 hivi, hiyo ni mita 2.3, Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ni takriban mita 1.9. Kanuni inayotumika zaidi kuikokotoa ni ya mtaalamu aitwaye Saastamoinen, ya mwaka 1972, na barometa nzuri hutosha kuipata kwa usahihi wa milimita. Kinachobaki baada ya kuiondoa ni kazi ya mvuke wa maji, ambao katika nchi baridi na kavu huchangia sentimita chache tu, na katika pwani yetu wakati wa masika hupita sentimita 30. Mwaka 1992 Michael Bevis na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kuwa mabaki hayo yanaweza kugeuzwa kuwa kiasi cha maji: mvuke wote ulio juu ya kituo, kama ungegeuka maji na kulala chini, ungekuwa na kina cha milimita kadhaa.

Basi utaona kwamba mpimaji ardhi na mtaalamu wa hali ya hewa hutatua mlinganyo mmoja. Wa kwanza huchukua kimo na kuiacha hewa, wa pili huchukua hewa na kukiacha kimo. Naona ni hasara kubwa kwamba katika vyuo vyetu vingi watu hawa wawili hukaa majengo tofauti na kila mmoja hutupa kile anachokitafuta mwenzake.

Swali. Napima mashamba na miundombinu ya maji upande wa Moshi na Rombo. Nikiweka mashine moja mjini na kupanda na nyingine mlimani Kilimanjaro, upande wa mashariki na kaskazini vipimo vinakaa sawa, lakini kimo cha nukta ileile hutofautiana kwa sentimita nyingi kati ya asubuhi na alasiri. Mashine zote mbili nimezipeleka kukaguliwa, hazina hitilafu. Tatizo ni nini?

Jibu. Ndugu yangu, unafanya kazi mahali pagumu kuliko karibu pengine popote Afrika kwa jambo hili, na nina hakika mashine zako hazina kosa.

Njia ya mashine mbili hufanya kazi vizuri kwa sababu makosa yanayozipata zote kwa pamoja hujifuta. Mashine mbili zilizo kilomita tano kwenye uwanda mmoja zina hewa ileile juu yake. Zako hazina. Tuseme ya mjini iko mita 800 juu ya usawa wa bahari, penye mgandamizo wa hektopaskali 920 hivi, na ya mlimani iko mita 2,700, penye 735 hivi. Ucheleweshaji wa utosini unaotokana na uzito wa hewa ni mita 2.10 mjini na mita 1.68 mlimani. Tofauti ya sentimita 42 haijifuti. Ni lazima ikokotolewe, na programu ya mashine huikokotoa kwa kudhani kwamba anga linafuata wastani fulani wa kitabuni kulingana na kimo. Sehemu ya hewa kavu huhimili dhana hiyo. Mvuke hauihimili.

Kumbuka vilevile mwenendo wa siku mlimani. Usiku hewa baridi hushuka kwenye makorongo, asubuhi anga huwa safi, kisha jua linapopasha miteremko hewa yenye unyevu kutoka chini hupanda, na ifikapo saa saba au saa nane mchana mawingu yameufunika msitu. Mvuke uliokuwa chini ya mashine yako ya mlimani asubuhi sasa uko juu yake. Ucheleweshaji wa mashine moja umebadilika bila wa mwenzake kubadilika kwa kiasi hicho. Na kwa sababu nilizoeleza katika jibu lililotangulia, kosa la sentimita moja katika tofauti ya ucheleweshaji wa utosini huweza kuzaa kosa la sentimita tatu hivi katika kimo, huku mashariki na kaskazini yasiguswe sana kwa kuwa setilaiti ziko pande zote na makosa ya pande hizo hupunguzana. Juu yetu zimo setilaiti. Chini ya miguu yetu hakuna.

Ufanye nini? Dawa bora ni kuweka nukta ya msingi mlimani, karibu na kimo cha kazi, uipime kwa siku nzima au zaidi, kisha uzikokotoe data zake kwa programu inayokadiria ucheleweshaji wa kila kituo kwa kila saa badala ya kutegemea wastani wa kitabuni. Baada ya hapo kazi za kila siku zianzie kwenye nukta hiyo. Kama hilo haliwezekani, pima nukta muhimu mara mbili kwa saa tofauti za siku na usikubali kimo kilichotokana na kipimo kimoja cha alasiri. Kuna jambo jingine ambalo nimeona likiharibu kazi nzuri kabisa: baadhi ya programu humruhusu mtumiaji kuandika mgandamizo wa hewa mwenyewe, naye huandika ule unaotangazwa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Mgandamizo huo mara nyingi umeshageuzwa uwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Ukiandika 1013 kwa mashine iliyo mita 2,700, umeongeza zaidi ya sentimita 60 za hewa isiyokuwepo. Ni afadhali uiache programu itumie wastani wake.

Mlima wenyewe unaonyesha jinsi kimo kilivyo kigumu kuliko mashariki na kaskazini. Ramani na vitabu husema kilele cha Kibo kina mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952; upimaji wa GPS wa mwaka 1999 ulitoa takriban mita 5,892. Sehemu ya tofauti kama hizi hutokana na namna usawa wa bahari unavyokadiriwa chini ya mlima, jambo ambalo si la hewa, lakini hakuna aliyepima kilele kwa setilaiti bila kushughulika kwanza na hewa iliyo kati ya kilele na vituo vya chini.

Swali. Ninaendesha pikipiki ya kusafirisha vifurushi Mombasa. Jioni ramani ya simu yangu huruka mtaa mzima. Je, ni mawingu?

Jibu. Si mawingu, wala si mvua. Matone ya maji yaliyo kwenye wingu huongeza milimita chache tu, na simu yako haiwezi kuzihisi. Katika mitaa ya mjini chanzo cha kwanza ni majengo: mawimbi hugonga kuta na kuifikia simu yakiwa yamezunguka, na simu huhesabu mzunguko huo kama umbali.

Hata hivyo jioni ya pwani yetu ina jambo lake. Mstari wa ikweta wa usumaku wa dunia katika Afrika Mashariki hupita kaskazini ya ikweta tunayoijua, kwenye ardhi ya Ethiopia, na elektroni za ionosfia hurundikana katika mikanda miwili, mmoja kila upande wa mstari huo. Kenya na Tanzania ziko jirani na mkanda wa kusini. Mchana, hasa kuanzia saa nane, ionosfia yetu huweza kuchelewesha mawimbi kwa mita kumi na zaidi katika miaka ambayo Jua limechangamka, na kanuni rahisi inayotangazwa na setilaiti za GPS kwa ajili ya simu za kawaida huondoa takriban nusu yake tu. Baada ya jua kutua mapovu yenye elektroni chache hupanda ndani ya tabaka hilo, nayo huyafanya mawimbi yapepesuke hata kipokezi kikapoteza setilaiti kadhaa kwa mpigo. Hali hii hutokea zaidi Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Oktoba 2024 ilitangazwa kuwa Jua lilikuwa limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, kwa hiyo usiku wa aina hiyo katika miaka ya karibu na kilele hicho si wa kushangaza. Simu zinazopokea masafa mawili huvumilia zaidi.

Swali. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tunapoteza ndugu zetu wavuvi kwa dhoruba za usiku. Nimesikia kwamba GPS inaweza kupima unyevu wa angani. Je, inaweza kutuonya? Na kama inaweza, mbona haifanyiki? – Msomaji, Bukoba.

Jibu. Ndugu yetu, pole kwa misiba hiyo. Swali lako linastahili jibu lisilotia chumvi.

GPS peke yake haitabiri dhoruba. Inapima mvuke wote ulio juu ya kituo, bila kusema uko kimo gani, wala upepo unauelekeza wapi, wala ni nini kitakachouinua hadi uwe wingu la radi. Kuna siku ambazo mvuke ni mwingi mno na jua linawaka hadi jioni. Lakini dhoruba kubwa haijengeki bila mvuke, na kielelezo cha kompyuta kinachotabiri hali ya hewa kikianza na kiasi cha mvuke kisicho sahihi, mvua yake huja mahali pasipo pake au saa isiyo yake. Thamani ya kipimo hiki iko hapo: kinakirekebisha kielelezo kabla hakijaanza kukokotoa kesho. Barani Ulaya idara za hali ya hewa zimekuwa zikibadilishana vipimo hivi kwa mpango uitwao E-GVAP tangu mwaka 2005, na vipimo huwafikia watabiri ndani ya saa moja na nusu.

Ziwa Viktoria linahitaji kitu cha namna hii pengine kuliko Ulaya. Njia ya zamani ya kupima unyevu wa angani ni puto linalobeba kifaa chenye redio. Kwa utaratibu wa kimataifa maputo hurushwa mara mbili kwa siku, saa ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri, na vituo vingi barani Afrika havimudu hata mara hizo mbili kila siku, kwa kuwa kila puto hugharimu fedha na halirudi. Dhoruba za ziwani huumuka usiku: mchana upepo wa ziwa hupeleka unyevu nchi kavu, na mvua hunyesha milimani na mashambani, usiku upepo hugeuka, hewa za pande zote hukutana juu ya maji, na mawingu hupanda upande wa magharibi ya ziwa, ndiko kwenu. Mgeuko huo hukamilika kati ya puto na puto. Kipokezi cha GPS hakilali. Hutoa kipimo kila baada ya dakika tano kikitakiwa, mvua inyeshe au isinyeshe, na hakihitaji kitu zaidi ya umeme na intaneti.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo inayoniuma. Vipokezi vipo. Katika mtandao wa IGS pekee kuna vituo Mbarara, Kigali, Nairobi, Malindi na Addis Ababa, na vingine vimewekwa na idara za upimaji na watafiti wanaofuatilia Bonde la Ufa, ambako bamba la Somalia linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kwa mwaka. Vyote viliwekwa kwa ajili ya ardhi. Kila kimoja, kila dakika, kinapima hewa iliyo juu yake, apende asipende aliyekiweka. Ili vipimo hivyo vimfae mtabiri yanahitajika mambo matatu: data zitumwe kila saa badala ya kukusanywa mwisho wa mwezi, kila kituo kiwe na barometa kando yake, na taasisi ya ardhi ikubaliane kwa maandishi na taasisi ya hali ya hewa. Moja tu kati ya hayo ni kifaa, na bei yake si kubwa. Kwa maoni yangu wabunge wa wilaya zinazopakana na ziwa, katika nchi zote tatu, wangefanya vyema kuuliza jambo hili kwa jina lake.

Afrika Magharibi wameshaona inavyowezekana. Katika mradi wa AMMA, uliochunguza pepo za mvua za Afrika Magharibi, vipokezi viliwekwa kwenye mstari unaotoka Djougou nchini Benin, kupitia Niamey, hadi Gao nchini Mali, vikafuata mvuke wa pepo za mvua ulivyopanda kutoka Ghuba ya Guinea hadi Saheli na kurudi. Vilifanya na kazi ambayo hakuna aliyeitarajia sana: vilifichua kwamba baadhi ya vifaa vya puto vilikuwa vikiisoma hewa kuwa kavu kuliko ilivyo, na data za maputo zikasahihishwa kwa msingi huo.

Kwa ziwa lenyewe, ambako hakuna pa kuweka mlingoti, ipo njia nyingine. Setilaiti ndogo zinazoruka chini huzitazama setilaiti za GPS zikizama nyuma ya upeo wa dunia, na kwa kupima jinsi mawimbi yanavyopinda yanapokata hewa kwa ubavu, hupata joto na unyevu wa kila kimo. Jaribio la kwanza la njia hii kwa dunia yetu lilirushwa Aprili 1995. Juni 2019 Marekani na Taiwan zilirusha setilaiti sita za COSMIC-2, ambazo obiti zake zimewekwa makusudi juu ya ukanda wa tropiki, na hizo hupita juu ya ziwa lenu. Hazipiti kila saa mahali pamoja, lakini data zake tayari hutumiwa na vituo vikubwa vya utabiri duniani.

Swali. Nafundisha fizikia sekondari hapa Unguja. Je, wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kupima mvuke kwa njia hii, au ni kazi ya vyuo vikuu tu?

Jibu. Mwalimu wangu, wanaweza, na ningefurahi kuona shule yako ikianza.

Mnahitaji kipokezi cha masafa mawili. Zamani kilikuwa kifaa cha bei ya gari. Leo vipo vinavyouzwa kwa dola mia chache za Marekani pamoja na antena. Wekeni antena juu ya paa la zege, mahali penye anga wazi pande zote, mbali na mabati, kwa sababu bati huakisi mawimbi na kuyatia kasoro ambayo hesabu inaweza kuidhania mvuke. Antena ikishafungwa isiguswe tena. Rekodini kwa saa 24, mkigeuze kilichorekodiwa kuwa faili la muundo wa RINEX, ambao ni muundo wa kawaida wa kuhifadhi data za GPS, kwa programu ya bure RTKLIB, kisha mlitume kwenye huduma ya CSRS-PPP ya serikali ya Kanada, ambayo haitozi fedha ila hutaka mtumiaji ajisajili. Majibu hurudi kwa barua pepe yakiwa na mahali pa antena na mchoro wa ucheleweshaji wa utosini kwa siku nzima. Subirini angalau hadi kesho yake kabla ya kutuma, ili njia za setilaiti ziwe zimeshakokotolewa vizuri. Zile za mwisho kabisa hupatikana baada ya wiki mbili hivi.

Hapo ndipo darasa linapoanza. Tuseme saa nne asubuhi mchoro unaonyesha mita 2.620, na barometa iliyo karibu na antena inasoma hektopaskali 1010. Zidisheni 1010 kwa 0.0022768, kisha gawanyeni kwa 0.9974, ambayo ni sahihisho la uvutano kwa latitudo yenu. Mnapata mita 2.306. Toeni: kinabaki mita 0.314, nacho ni ucheleweshaji wa mvuke peke yake. Ili kuugeuza maji, vitabu vingi huagiza kuzidisha kwa 0.15, lakini namba hiyo inafaa nchi za baridi. Kigeuzi hutegemea wastani wa joto la hewa yenye mvuke, ambao Bevis aliukadiria kwa kuzidisha joto la chini, kwa kelvini, kwa 0.72 na kujumlisha 70.2. Kwa nyuzi 28 za Selsiasi hiyo ni kelvini 287, na kigeuzi kinakuwa karibu 0.164. Jibu: milimita 51 za maji juu ya paa la shule. Mtu aliyetumia 0.15 angepata 47, na angeikosea hewa ya Unguja kwa milimita nne nzima.

Barometa ndiyo itakayowasumbua. Ikikosea hektopaskali moja, jibu linakosea kwa karibu nusu milimita ya maji, hivyo barometa ya simu inatosha kuanzia iwapo mmeilinganisha kwanza na ile ya kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, mkiomba mgandamizo wa kituo na si ule wa usawa wa bahari, na mkizingatia tofauti ya kimo: kila mita nane na nusu hivi za kwenda juu hupunguza hektopaskali moja. Isomeni kila saa, kwa kuwa katika ukanda wetu mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa hektopaskali chache, na atakayetumia usomaji mmoja kwa siku nzima atauona mvuke ukipanda na kushuka kwa mpangilio ambao haupo. Ningeanza katikati ya Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, na kuendelea hadi masika yaingie, ili wanafunzi wapate kulinganisha milimita za angani na zile za kwenye kipima mvua cha shule, siku kwa siku, katika daftari moja.